Unga wa Kutoa Risasi Mwilini

Mvua ya mawe ya kwanza ninayoikumbuka ilitukuta na bibi, mama yake baba, kwenye shamba la wimbi upande wa Ikonge. Uhuru ulikuwa haujafika, au ulikuwa umefika majuzi, sina hakika. Bibi alikimbia nyumbani akatupa jembe uani, makali yakiangalia juu, maana kwao ilisemwa mawe yakiona chuma yanaona haya na kupita. Siku hiyo hayakuona haya. Yalichana migomba ikabaki nyuzi nyuzi, yakaua kuku wawili. Yalipokwisha tulitoka watoto wote tukayaokota na kuyala. Ya chini kwenye majani yalikuwa baridi tu. Lakini niliyoyachota kwenye mfereji wa jirani, ambaye peke yake kwenye kile kilima alikuwa na nyumba ya mabati, yalikuwa na ladha mbaya, kama umelamba kisu. Ilikaa mdomoni mpaka kesho yake, na ugali wa wimbi haukuiondoa.

Kwa hiyo miaka zaidi ya kumi baadaye, kaka yangu mkubwa aliponiambia kwamba kila anachokula kina ladha ya chuma, nilicheka nikamwuliza amelamba mabati ya nani. Yeye hakucheka.

"Hata mate yangu," alisema. "Naamka nayo hivyo."

Alikuwa akifanya kazi Keumbu, nyuma ya duka moja lililouza vifaa vya magari. Alinunua betri za lori zilizokufa, akazipasua kwa shoka, akatoa risasi iliyomo, ile metali laini ya kijivu, akaiyeyusha kwenye sufuria. Kisha aliimimina kwenye vishimo alivyochimba kwenye udongo ikawa vipande vidogo vizito, na watu wa ziwani walikuja kuvichukua vya kuzamishia nyavu. Kwa sababu kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, alijenga kibanda akakiziba pande zote asilowe. Moto ule ule alichemshia chai. Mimi niliingia mle mara chache. Mvuke wake una utamu fulani, koo linaupenda, na hilo ndilo baya lake.

Nisipotee. Ladha ilianza, tumbo likafuata, la kusokota mpaka anajikunja kwenye kigoda. Halafu mkono wa kulia. Siku moja alinyoosha mkono apokee kikombe, na kiganja kikaanguka kwenye kifundo kama jani lililokatwa mshipa. Hakikuuma. Alikitazama tu, nasi tukakitazama. Aliweza kufumba vidole, lakini kuinua kiganja, hapana. Halafu akaanza kuitikia. Tumekaa mchana, kimya, yeye anasema "Naam?" na kugeuka mlangoni.

"Usiitikie kitu usichokiona," mama alimwambia.

"Lakini ananiita vizuri tu," alijibu, kwa upole.

Tulimpeleka hospitali mjini Kisii. Daktari alimfunua mdomo, akatuonyesha mstari wa buluu kwenye ufizi, kama umechorwa kwa kalamu, akataja kazi yake kabla hatujamwambia. Alisema risasi imeingia kwenye damu na mifupa. Ziko tembe za kumeza zinazoitoa kidogo kidogo kwa mkojo, ila lazima ziagizwe Nairobi na azimeze hospitali ikimwangalia. Na kwanza aache kile kibanda kabisa, la sivyo anatoa huku anaingiza. Arudi baada ya mwezi.

"Na mkono utarudi?" kaka aliuliza. Hakuwa na lingine la kuuliza. Mtu bila mkono wa kulia kwetu hachumi chai, hachongi, hashiki shoka.

"Pengine," daktari alisema.

Hilo neno mama alikuja nalo njia nzima, akilirudia.

Mama alikuwa Msabato wa kweli, na kanisani walikataza waganga. Watu walimshauri aite yule anayefukua uchawi uliozikwa nyumbani, akakataa. Lakini Jumapili moja soko la Nyaramba alimkuta mtu mwenye koti la mvua na baiskeli, anauza unga mweusi wa kunywa uliofungwa kwenye karatasi zenye maandishi ya kupigwa chapa. Akamleta nyumbani.

"Mama, mimi si mganga," yule mtu alisema kabla hajakaa. "Mganga ana pembe. Mimi nina karatasi."

Kwa mama hilo lilimaliza kesi. Kitu kilichopigwa chapa hakingeweza kuwa dhambi. Na mimi, niseme ukweli, sikupinga. Niliisoma ile karatasi kwa kidole, neno kwa neno, na maneno mengi sikuyajua, nikayaheshimu zaidi kwa sababu hiyo.

Dawa ilikuwa kijiko kimoja kila asubuhi ndani ya maziwa lala, siku saba. Alitakiwa kwenda haja kwenye beseni, mama aoshe kwa maji, abakize mashapo ya chini. Samahani kwa kulitaja, lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku ya tatu mashapo yalikuwa meusi. Siku ya saba yule mtu alirudi, majirani wakajaa uani, akatoa mfukoni sumaku ya spika ya redio iliyofungwa kamba. Akaishusha ndani ya beseni. Ikapanda na ndevu nyeusi zinazong'aa.

Mama alipiga magoti. Baba mdogo, ambaye hakuweza kunyamaza hata matangani, alisema, "Tumpeleke kwa mhunzi. Tukiendelea wiki mbili tunapata jembe."

Watu wakacheka. Kaka hakucheka, na mimi nilijua kwa nini. Kule Keumbu kuchambua vyuma vikuukuu kulianza kwa sumaku: kinachoshikwa ni chuma, kinaenda kule, risasi haishikwi. Yeye ndiye aliyenifundisha. Aliichukua ile sumaku kwa mkono wa kushoto, akapangusa ndevu zile kwenye suruali, akazisugua kwa kidole.

"Mzee, hiki ni chuma," alisema. "Mimi nina risasi. Hiki kimetoka kwenye unga wako."

Yule mtu alichukua sumaku yake, akaanza kukunja kamba, hata hakuharakisha.

"Ndugu, risasi ikikaa ndani ya mtu, inabadilika."

"Inabadilika inakuwa nini?"

Yule mtu alimpa mama pakiti nyingine, akasukuma baiskeli yake. Ningefurahi kama kaka angemfukuza kwa matusi. Badala yake alimwomba amwachie sumaku, na yule mtu akamwachia.

Tangu hapo kaka alikaa uani akiining'iniza mbele ya tumbo lake, kisha kifua, kisha kile kiganja kilichokufa. "Njoo uone inavyovutwa," aliniita. Nilikwenda nikamwambia ni upepo. Upepo haukuwapo. Kamba ilikuwa imeinama kuelekea kwake, upana wa kidole hivi, na mkono ulioishika ulikuwa umetulia. Sijamwambia mtu hilo. Siliamini, lakini niliona.

"Daktari atatoa risasi," alisema. "Hiki kinachovutwa nani atakitoa?"

Ilibaki wiki moja arudi hospitali. Nilimsihi asubiri tembe, aache unga. Mama naye alikoroga kijiko cha kwanza cha pakiti ya pili, akamletea pale uani. Asubuhi, jua limeshapanda juu ya mashamba ya chai. Alikipokea kikombe kwa kushoto, akakitazama, akakiweka chini kwenye majani. Akageuka kama aliyeitwa, akasimama, akapita kwenye ua wa michongoma, akashika njia ya kuteremkia mtoni. Tulifikiri anaenda haja. Mama alifunika kikombe kwa kisahani nzi wasiingie, akakaa kumngoja. Hakurudi siku ile, na hajarudi.