Siku Folda Mbili Zilipogomeana Mahafalini

Ningeweza kusema alikuwa mtu mwingine, lakini ukumbi mzima uliniona, na waliokaa nje chini ya turubai walishasimuliwa kabla sijafika getini, kwa hiyo acheni nijianike mwenyewe, maana nikiwaachia wale mbwiga wa kidato cha pili mtasikia kwamba nililia (sikulia, vumbi liliniingia, na Tunduma mnaijua kwa vumbi).

Shuleni kwetu tuna klabu ya kompyuta. Usiwaze makubwa. Ni chumba kimoja nyuma ya jiko, kompyuta chache zenye umri wa shangazi zangu, na mwalimu mlezi ambaye ujuzi wake wote ni kuwasha swichi na kusema "haya, endeleeni." Mkuu wa shule, tunayemwita Madam, alikuwa anakimezea mate kile chumba siku nyingi aweke mahindi ya chakula cha wanafunzi, kwa sababu stoo inavuja. Mwaka huu akatuambia bila kuzunguka: kwenye mahafali ya kidato cha nne mtaonyesha mnachofanya humo ndani mbele ya mgeni rasmi, mkieleweka chumba chenu, msipoeleweka Jumatatu mahindi yanaingia.

Cha kuonyesha tulikuwa nacho. Mimi na Nakamba tulikuwa tumeandika mfumo wetu mdogo wa mafaili, yaani ile sehemu ya kompyuta inayojua faili gani liko folda gani, na inayozuia watu wawili wasilivute kwa wakati mmoja likachanika. Kila folda ina kufuli. Ukitaka kuhamisha faili toka folda hii kwenda ile, programu inafunga folda zote mbili, inahamisha, inafungua. Kazi ya kitoto, isipokuwa Nakamba (anaongoza darasa kwa hesabu na kwa mdomo, sijui kipi kinatangulia) alikuwa ameweka sharti lake: kila folda ina namba, na ukitaka kufunga mbili unaanza na yenye namba ndogo, hata kama faili linatoka kwenye yenye namba kubwa. Daima. Mimi nikaona huo ni ushamba uliovaa miwani. Mtu mwenye akili anafunga kule anakotoka, anapakia mzigo, ndipo anafunga kule anakokwenda. Nani anasafiri kutoka Tunduma kwenda Chitete halafu anaanza kwa kufunga mlango wa Chitete?

"Siku watu wawili wakihamisha kwa kupishana, utaniambia," Nakamba alisema.

"Wakipishana si watapishana tu."

"Simbeye, kichwa chako kina nafasi kubwa sana ambayo hakuna anayeitumia."

Hilo ningelimeza. Lakini asubuhi ya mahafali nikafungua kazi yetu, nikakuta juu ya ile mistari yake ameandika kwa herufi kubwa: USIGUSE HAPA, HASA SIMBEYE. Sasa wewe, wewe mwenye damu mwilini, ungefanyaje? Nikaifuta yote. Nikaandika ya kwangu, nikajaribu: nikahamisha faili likaenda, nikalirudisha likarudi, kwenda, kurudi, safi kabisa. Ilikuwa safi kwa sababu nilikuwa peke yangu, na mtu akiwa peke yake atagombana na nani, jambo ambalo mtoto wa chekechea angeligundua, ila mimi nilikuwa na haraka ya kunyoosha tai.

Mgeni rasmi alikuwa Alhaji, mzee mwenye malori yanayovuka kwenda Zambia, kanzu imepigwa pasi hadi unaogopa kuigusa. Nikashika kipaza sauti kama mbunge.

"Mgeni rasmi, hii kodi yote tumeiandika wenyewe." (Nilimaanisha code, yale maandishi ya programu.)

Alhaji akakunja uso. "Kodi gani tena, kijana? Wale wa mpakani hawajatosha?"

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, nikidhani watu wamemaliza kucheka kwa siku hiyo.

Ningehamisha faili moja nikakaa chini, leo tungekuwa na chumba. Lakini sifa zilikuwa zimenipanda. Nikamwita Madam kwenye kompyuta moja na Alhaji kwenye nyingine, kila mmoja na folda yake, Madam atume video ya gwaride la skauti kwenye folda ya Alhaji, na Alhaji atume video ya malori yake kwenye folda ya Madam, kwa wakati mmoja, projekta ikionyesha ukutani ili hata wapishi waone.

"Bonyezeni pamoja," nikaamuru (mimi, kuamuru Madam, hebu fikiria).

Wakabonyeza. Programu ya Madam ikafunga folda ya Madam, ikapakia gwaride, ikaenda kuomba folda ya Alhaji. Ikakuta imefungwa, kwa sababu programu ya Alhaji ilishaifunga, imepakia malori, nayo imesimama pale inaomba folda ya Madam. Kila mmoja kashika chake anasubiri cha mwenzake, hakuna anayeachia, na kwa jinsi nilivyoandika mimi wangesubiriana mpaka parapanda.

"Yangu imesinzia," Alhaji akasema.

"Inapakia, mzee wangu."

"Na yangu?" Madam aliuliza bila kunitazama, na Madam asipokutazama ujue anakuona vizuri.

"Inapakia pia, Madam. Video ni nzito."

Hapo ndipo mwalimu wa nidhamu, aliyekuwa mshereheshaji, akabonyeza wimbo wa wahitimu kuingilia ukumbini. Wimbo ulikuwa ndani ya folda ya Madam. (Nani aliuweka humo? Mimi, ili ionekane shule nzima inatutegemea.) Kimya. Nao ukajipanga foleni nyuma ya kufuli lisilofunguka. Wahitimu wako mlangoni wawili wawili, majoho yamewakaa kama mapazia, mguu mmoja mbele, wanasubiri mdundo. Bibi mmoja aliyetoka Ndalambo kumshuhudia mjukuu wake akauliza, kwa ile sauti ya kuitana shambani, "Kwani wamefiwa?"

Nikasema dakika moja tu. Nikafungua programu mbele za watu, na kijasho kinanitambaa mgongoni nikaongeza busara mpya: ukikosa kufuli la pili, achia la kwanza, rudi mwanzo, jaribu tena. Nikaona nimemaliza kazi. Nikaiwasha upya, nikawaomba wabonyeze tena.

Mistari miwili ya kijani, ile ya kuonyesha faili limefika wapi, ikapanda ukutani, ya Madam na ya Alhaji, ikafika katikati. Ikashuka yote miwili. Ikapanda. Ikashuka. Kwetu huku watu wawili wanaoheshimiana wakikutana mlangoni, huyu anainama, anapiga makofi taratibu, tangulia baba, na yule anainama, hapana mama tangulia wewe, wanarudi nyuma wote, wanasogea wote, na chai ndani inapoa. Folda zangu ndivyo zilivyokuwa. Kwanza zilikuwa na kiburi hazipishani, sasa nimezipa adabu na bado hazipishani.

"Zinasalimiana," Nakamba akasema kutoka nyuma. Hakupaza sauti, lakini kulikuwa kimya kiasi kwamba hata mpishi wa wali alisikia. "Rudisha mistari yangu."

Ningemwambia ndiyo. Mistari yake ilikuwa michache tu, namba ndogo kwanza, wote wangeanzia mlango uleule, mmoja angesubiri nje mikono mitupu na mwingine angepita. Lakini watu elfu hawajui ubishi wangu kama ninavyoujua mimi. Badala ya kumjibu nikainama chini ya meza, nikachomoa waya.

Waya ule ndio uliokuwa unalisha kompyuta, projekta, spika na kipaza sauti cha mshereheshaji.

Umeme uliporudi, malori ya Alhaji hayakuwa kwenye folda ya Alhaji wala ya Madam, na wimbo wa wahitimu haukuonekana popote.

"Kwa hiyo malori yangu yako wapi?" Alhaji akauliza.

"Yako katikati, mzee."

"Katikati ya wapi?"

Wahitimu wakaingia wakiimba kwa mdomo, kila safu na wimbo wake, na mmoja akakanyaga joho la mwenzake, ikawa ni makosa yangu pia. Madam akasubiri wakae, akasimama, hakuhitaji hata kipaza sauti.

"Klabu ya kompyuta tumewaona," akasema. "Mahindi hayakwami."

Wazazi wakapiga makofi. Wengine, ambao ndio waliochanga hayo mahindi, wakapiga na vigelegele.

Jumatatu tukahamisha vitu. Kompyuta zikaenda kona ya ofisi ya walimu, ambako siku hizi zinaonyesha mpira, na klabu inaruhusiwa kuzigusa kama hakuna mechi, yaani haturuhusiwi. Gunia la kwanza kutoka Hasamba liliwekwa pale pale Nakamba alipokuwa anakaa kila asubuhi kabla ya kengele. Nilimwona ametoka amekumbatia kibodi, nikajiandaa kwa matusi, nilikuwa hata na majibu yake tayari kinywani. Akapita. Mtu ambaye tangu kidato cha kwanza hajawahi kuniacha nipite bila kunichana, akapita kama vile pale ni ukuta.

Kwa hiyo sikilizeni, nyie mnaonicheka na nyie mnaojiandaa kunicheka. Programu itakayotumiwa na watu wawili sitaijaribu tena peke yangu. Namba ndogo nitaifunga kwanza, hata ikinichefua. Na siku mkinisikia nasema "mbona kwangu imekubali," nibebesheni gunia, mnipeleke stoo, mnifungie humohumo, halafu ufunguo mpeni Nakamba.