Konisi ya Baba na Jumatano za Mama

Enzi zetu kule Nunguni nyumba haikuwa na siri. Kuta za matofali zilipanda zikapita mlango kidogo, zikakoma, na kutoka hapo mpaka kwenye mabati kulikuwa na hewa moja ya watu wote. Baba akikohoa chumbani kwake, mimi na dada yangu Mwende tulisikia kama amekohoa kitandani mwetu. Alikuwa mwalimu mkuu, na jioni alimsimulia mama kila kitu akivua viatu, kwa hivyo tulijua nani ataitiwa mzazi kabla mwenyewe hajajua. Watoto wa siku hizi wanatafuta umbea kwa simu mpaka shingo zinapinda. Sisi ulitupitia juu ya ukuta.

Baridi nayo ilipitia hapo hapo. Ukungu wa asubuhi uliingia chini ya mabati, tukanywa chai kwa vikombe vya bati tukiwa na sweta mbili mbili, viazi vitamu vya jana mkononi. Mvua ikianza, mazungumzo yaliisha, mnaonyeshana kwa mikono tu.

Lakini kwa kuimba, nyumba ile haikuwa na mfano. Kila Jumatano saa tisa kina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa ushirika. Mama aliongoza, wao wakaitikia, na sauti ikagonga mabati ikarudi kubwa kuliko ilivyoondoka. Wanane walisikika kama kanisa zima. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, hakuwa na cheo popote, na mbele ya baba alikuwa wa kusema ndiyo. Jumatano ilikuwa yake. Hata baba alijua asirudi mapema.

Kisha baba akaitwa mkutano kwenye ofisi moja huko Kitui mjini, akarudi na ugonjwa. Alikuwa ameona siling, dari ya bodi inayoficha mabati, na pembeni mwa siling, pale inapokutana na ukuta, ubao mpana wa rangi ya kahawia umezunguka chumba chote. Konisi, ndivyo mafundi wanavyouita. Wiki nzima hatukusikia kingine. "Chumba bila konisi," alisema, "ni shati bila kola."

Akamwita fundi Muli, mzee mwenye penseli sikioni. Muli alisimama katikati ya sebule akaangalia juu kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hii chumba ni fupi," akasema. "Ukiweka konisi ya inchi sita na uipake rangi nyeusi nyeusi, siling itashuka. Haitashuka kweli, itashuka kwa macho. Wacha niweke ya inchi mbili, niipake rangi ya siling, macho ipande tu."

"Macho ya nani?" baba akauliza. "Wewe piga misumari."

Muli akapiga. Siling bodi nyeupe ikafunika mabati, konisi ya inchi sita ikafunga kila pengo, na baba mwenyewe akaipaka rangi ya mafuta iliyobaki ya milango. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, mikono kiunoni. Sijawahi kumwona ameridhika hivyo, hata shule ilipopita mtihani.

Na kweli nyumba ilipata joto. Ila sebule iligeuka. Ile mistari minne ya kahawia ilikuwa kama mfuniko umebonyezwa. Mama Ndinda, jirani yetu, mwanamke mrefu, alianza kuinamisha kichwa akiingia, na juu yake bado kulikuwa na nafasi ya debe la maji kichwani. Sisi tuliokuwa tukirukia kamba hapo ndani siku za mvua tukajikuta tunaongea kwa kunong'ona bila kukatazwa.

Jumatano ya kwanza mama aliongoza wimbo, wakaitikia, na ile sauti ikaenda juu isirudi. Wakaangaliana. Wakaimba ubeti mmoja wakaacha. Walikaa wima kwenye viti kama watu wanaongoja kuitwa na daktari, wakanywa chai, wakaaga. Wiki iliyofuata walikuja watano. Baada ya hapo katibu wao akamwambia mama, kwa upole wa watu wa kanisa, kwamba Jumatano inayokuja wataamua kama ushirika uhamie kwa Mama Ndinda. "Hapa kwenu siku hizi ni kama ofisi, mwaitu, mama yetu. Mtu anaogopa kucheka."

Mama hakumwambia baba. Angemwambiaje, na baba alikuwa akileta walimu wenzake waione konisi? Lakini alikonda. Alikuwa akiosha vyombo mara mbili. Mimi niliogopa, nasema ukweli, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona mama akitaka kitu kwa nguvu hivyo.

Asubuhi ya Jumatano yenyewe, baba alipoenda shule, mama akatuzuia tusiende. Hiyo peke yake ilikuwa ajabu: watoto wa mwalimu mkuu kukosa shule! Akachanganya chokaa kwa karai, akatia chumvi ili ishike, vile watu walivyopaka kuta zao kila Krismasi. Tukapandisha meza juu ya meza. Maneno ya Muli alikuwa ameyasikia: ikifanana na siling, macho yatapanda. Kufikia saa sita konisi yote ilikuwa nyeupe, na, walahi, chumba kiliinuka. Mwende alipiga makofi. Mama aliketi sakafuni akacheka peke yake.

Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba chokaa haikai juu ya rangi ya mafuta.

Walikuja wote wanane. Mama Ndinda aliingia bila kuinama. Mama akaanzisha wimbo, wakaitikia, makofi yakapamba moto, na upepo wa nje ukabamiza mlango. Kipande cha kwanza kikaanguka kwenye chai ya katibu. Kisha pande zote nne zikaanza, magamba makubwa meupe, kwenye vilemba, kwenye Biblia, kwenye mandazi. Mama alibaki amesimama mdomo wazi. Machozi yalikuwa karibu.

"Wĩ, mwaitu!" Mama Ndinda akapaza sauti. "Umetuletea mana!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ndipo baba, aliyekosa kutuona shuleni, akatokea mlangoni, na kicheko kikakatika. Akaangalia konisi yake yenye mabaka. Akaangalia wale wanawake vichwa vyeupe. Mwishowe akamwangalia mama, na mama, kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka, hakuangalia chini.

"Tulikuwa tunaimba, Mwalimu," akasema. "Hapa hakuimbiki."

Baba alitoka nje. Nilidhani ameenda kukata fimbo. Alirudi na nyundo, akasema, "Songeni kidogo, kina mama," akapanda mezani na viatu vyake vya shule, akaing'oa konisi ubao kwa ubao mbele yao. Pengo la upana wa mkono likabaki pande zote, popo wakapata njia, baridi ikarudi, na sauti ikapata pa kupandia. Mbao akazijengea kibanda cha kuku. Ushirika ulibaki kwetu miaka yote mpaka sisi wawili tukaolewa.

Leo nina nyumba yangu Wote. Siling ni ya jipsam, konisi ni ya ngazi mbili, na ndani yake taa zimefichwa, zinageuka kutoka buluu hadi zambarau. Binti yangu aliichagua kwa simu, anasema inaleta mudi. Mudi yenyewe ni ya kupigia selfi, kisha kila mtu anaingia chumbani na kufunga mlango. Majirani zangu ni watu wazuri wenye mageti marefu. Tunaombeana kwa WhatsApp.

Baba alishatutoka. Mwaka huu mama alikuja kukaa kwangu wiki mbili. Jumatano moja nilitoka kazini mapema, nikamkuta sebuleni peke yake, ameketi wima, mikono mapajani, akiongoza wimbo. Alipofika mahali pa kuitikia alinyamaza, akangoja kadiri ya wanane kumaliza, kisha akaendelea na ubeti wa pili. Hakuwa ameniona. Maneno nayajua yote. Nikaweka funguo mezani, na aliponyamaza tena, nikaitikia.