Mashine ya mpunga iliyogoma asubuhi tu: nilichokuta kwenye tanki la haidroliki, Mwamkulu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili. Chumvi nitaongeza kidogo kwenye vipimo, kisa chenyewe kiko sawa.

Mimi fundi wa mashine hapa Mpanda. Mchana spana, jioni darasani, na cheti nimekipata, tena kinang'aa kuliko taa za stendi.

Msimu uliopita shangazi yangu, Mama Jeni, akaniita shambani kwake Mwamkulu. Mpunga umeiva, kwelea kwelea wameshatua kwa jirani, wingu zima mpaka jua linapotea. Mashine ya kuvunia aliyokodi imesimama katikati ya shamba. Injini inanguruma, matairi hayaendi.

Opereta wake, Masanja, alishakata tamaa.

"Mota imekufa, fundi. Tuagize nyingine Dar."

"Mpaka ifike, hao ndege watakuwa wameniachia nini?" shangazi akadakia.

Kwa wasiojua: injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni ndogo ndani ya mota, tairi linazunguka. Mafuta ndiyo nguvu, na hayo hayo ndiyo kilainishi.

Nikauliza inagoma vipi. Masanja akasema asubuhi haisogei kabisa, ila jua likiwaka inajikongoja.

Wakuu, mota iliyokufa haifufuki kwa jua!

Nikafungua tanki. Harufu ya jikoni kabisa, na pembeni utando wa rangi ya chungwa umeganda.

"Masanja, humu umeweka nini?"

"Hozi ilivuja, mafuta yakapungua. Nikaongezea mawese yangu ya Karema. Si yanateleza vizuri, kaka?"

"Ulikuwa unakaangia samaki wa migebuka humo?" shangazi akamwakia. "Mawese yanaganda kabatini kwangu, sembuse kwenye baridi ya huku nje!"

Tukamwaga yote. Tukasafisha tanki na hozi, tukaziba ile inayovuja, tukaweka filta mpya. Masanja akataka tuweke oili nzito ya giaboksi, eti ndiyo yenye nguvu. Nikakataa. Ikiwa nzito mno, pampu inashindwa kuivuta asubuhi. Ikiwa nyepesi mno, mchana inapenya pembeni ya pistoni na nguvu inapotea. Kibandiko cha tanki kiliandikwa haidroliki namba 46, tukaweka hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi, baridi ya kugandisha mate, Masanja akasukuma levea ya mwendo. Mashine ikaondoka nikadhani inaenda mpaka kijiji cha Sibwesa!

Jioni mpunga ulikuwa kwenye magunia, turubai juu, na shangazi kakaa juu ya turubai anawapungia kwelea mkono.

Nilichojifunza: usiihukumu mota kabla hujanusa mafuta yake. Soma kibandiko, na usichanganye.

Nyie mnaoendesha mashine sehemu za joto kali, mnaweka 46 au 68 iliyo nzito zaidi? Na kama umeshakuta maajabu kwenye tanki, shusha hapa tucheke wote.