Mjomba Arudi Gereji

Cheche alimsikia mjomba wake kabla hajamwona, maana gari lile kuukuu lilikuwa na kikohozi chake. Akaiacha chai yake ipoe, akatoka kumpokea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Taa ya betri imewaka tangu asubuhi, inanikodolea macho tu."

Gereji ile zamani ilikuwa ya mzee huyo. Ndiye aliyemlea Cheche baada ya mama yake kufariki, akamfundisha umeme wa magari. Hata jina alimpa yeye, siku waya uliporusha cheche na binti akajikuta nje ya mlango. Tangu mgongo ulipomgomea, mzee alikuwa hajakanyaga pale. Sasa alisimama katikati ya gereji, akivuta harufu ya grisi taratibu, macho yamelowa kidogo.

"Haya, washa injini uchomoe waya wa betri," alisema, mkono umeshafika kwenye betri. "Ikizima, ujue oltaneta haichaji."

Cheche akaudaka mkono. "Mjomba, hapana! Ukichomoa betri injini ikiwa inaunguruma, umeme unapaa ghafla. Unaunguza oltaneta na vingine vyote."

"Mbona sisi tulichomoa miaka yote?"

"Zile zilikuwa dinamo. Hizi hazitaki ubabe."

Mzee akarudisha mkono, akaufuta kwenye suruali ingawa haukuwa na uchafu. Cheche akaumia moyoni. Kumkataza mtu aliyekufundisha kushika bisibisi si jambo dogo.

"Basi nisaidie kusikiliza," alimwambia. "Masikio yako mimi siyafikii."

Alikaza kilemba, akakunja mikono ya ovaroli isije ikanaswa na mkanda wa injini, kisha akagusisha ncha za mita kwenye betri. Volti kumi na mbili na nusu. Akawasha injini. Namba haikupanda.

"Washa taa kubwa," alisema mzee, ametega sikio. Cheche akawasha. "Umesikia? Injini haikulemewa hata kidogo. Oltaneta haibebi mzigo." Akatabasamu. "Mama yako alikuwa akinicheka. Eti naongea na vyuma."

"Vilikuwa vinakujibu?"

"Kuliko yeye!"

Walicheka mpaka mzee akashika mgongo. Cheche akazima injini, akafungua waya hasi wa betri, ndipo akapapasa nyuma ya oltaneta. Plagi ndogo ilikuwa imelegea, pini zake zimeota ukungu wa kijani. Akazisafisha, akaibana plagi, akarudisha waya, akawasha. Mita ikasoma kumi na nne na ushee. Taa ya betri ikazimika.

Kesho yake mzee alikuja tena, gari likiwa zima kabisa. Cheche hakumuuliza kulikoni. Alimsogezea kiti, akampa mita mkononi, akaanza kumwonyesha inavyosomwa. Mzee, ambaye enzi zake alimkaripia sana Cheche kwa maswali mengi, aliuliza mpaka adhuhuri.