Kilima Kilichoshuka Ziwani

Juzi niliona kwenye simu picha ya visiwa vya mbali: mvua imenyesha mno, na ubavu mzima wa mlima umeporomoka hadi baharini. Niliitazama muda mrefu, nikasikia tena harufu ya udongo mbichi wa kwetu Mpui.

Nilipokuwa mdogo tulikaa juu, kwa hiyo kwenda Kasanga, ziwani, kununua samaki kuliitwa kushuka, na kurudi kuliitwa kupanda. Baba alikuwa ameshuka. Mvua ilipiga bati siku tatu, hata ndani tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Mchana mmoja jirani akaja mbio, akamwambia mama mlangoni, "Kilima kimeshuka. Kile cha kwenye njia ya ziwani."

Mama aliacha mwiko ndani ya ugali. Mimi nilifurahi. Nilijiuliza kilima kingebeba samaki wake kwenye nini, na kama kingepita kwetu kikipanda.

Kabla giza halijaingia, baba alitokea kwa miguu, matope hadi kifuani, kiatu kimoja, bila samaki hata mmoja. Mama alikaa chini palepale uani, kwenye maji. Mimi nilimkimbilia baba.

"Shikamoo, baba. Umekutana na kilima?"

"Marahaba, mwanangu. Tumepishana."

"Kinarudi lini?"

Alinibeba, akanikumbatia kwa nguvu. Nikachungulia juu ya bega lake, nikaikodolea macho njia, maana kwetu kila aliyeshuka alipanda.