Ukuta Mbichi wa Makambako

Mwaka 1951, nikiwa na miaka kumi na tisa, mume wangu alifia kwenye mashamba ya mkonge. Shemeji yangu akaja kuniambia nifungashe vyombo, nimekuwa mke wake. Nikakataa. Baba akanipa kiangazi kimoja nimwoneshe nitakula nini, la sivyo niende kwa shemeji. Ndipo nikamfuata shangazi, aliyekuwa akipaka nyumba za watu rangi za udongo, hadi Makambako. Tulitakiwa kuchora milima ya Njombe kwenye ukuta wa hoteli.

Mwanangu, wewe unayeniletea picha zenye kila jani, sikiliza, maana nimechoka kurudia.

Udongo wa ukuta hushika rangi ukiwa mbichi. Ukikauka, umekosa. Mimi nikaanza na mianzi ya ulanzi, ile pombe yetu, pingili moja moja, hadi mbeta, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia utomvu wake, nikazichora. Jua likapanda. Mwenye hoteli akapita.

"Kamwene, binti. Hii ni milima, au unanijengea banda la kuku?"

Shangazi akaja na tambara lenye maji, akafuta yote.

"Nilikutuma uhesabu pingili?"

"Shangazi, mwanzi una pingili."

"Nani kabisha? Kutoka hapa unaziona?"

Nikatazama upande wa Njombe. Sikuziona.

"Naona weusi tu. Kama yai lililosimamishwa."

"Basi chora yai. Ukuta unakauka, na shemeji yako anakusubiri."

Nikachora yai. Mlima ukawa pembetatu ya buluu ya kufulia na udongo mweupe. Ule wa nyuma yake tukauzidishia weupe, ukasogea mbali wenyewe. Shamba, mstatili mwekundu. Nyumba, mraba. Dereva wa lori kutoka Mawengi akasimama na kikombe chake cha chai, akasema, "Hapa ni kwetu." Mwenye hoteli akatupa kuta zote zilizobaki.

Shemeji alipokuja, baba alimjibu mlangoni: "Ana kazi."

Kwa hiyo, anza na umbo kubwa, weka rangi yake, kisha acha. Kuacha ndiko kunakowashinda ninyi. Mnaogopa mtu atasema hamjui kuchora jani. Mwacheni aseme.

Mungu akupe jicho la kuona, na mkono unaojua kukoma.

Darasa la pili sikumaliza. Leo nina nyumba ya matofali Mjimwema, shamba la viazi, ng'ombe wawili wa maziwa na cherehani. Vyote kwa jina langu.