Wiki Moja Bila Mama Mitungi

Jamani, kuna likizo inayotisha kuliko kufukuzwa. Mama Mitungi alipewa ya aina hiyo Jumatatu asubuhi. Meneja alimnyang'anya simu ya kazini, akamwambia mbele za watu: "Mama, kapumzike wiki nzima. Mfumo ukienda vizuri bila wewe, tunaubakiza. Ukitushinda, tunauandika upya kwa lugha ya kompyuta ambayo nikitangaza kazi, napata watu mia."

Mama Mitungi ndiye aliyeuandika mfumo huo, miaka tisa nyuma: programu inayoamua gari lipi lipeleke mitungi ya oksijeni hospitali ipi. Aliiandika kwa lugha isiyo na umaarufu wowote, ila fupi, haina longolongo. Katika kampuni nzima, aliyeijua lugha hiyo ni yeye tu, na tusifichane, jambo hilo lilimpa raha. Bila programu hiyo yeye ni nani pale? Mama wa miaka hamsini na miwani yake.

Nyumbani hakukalika. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Mlango ukigongwa, anakimbilia kufungua.

"Si utulie, mama watoto?" mumewe akamwambia. "Kwani umeacha chungu jikoni?"

"Naogopa, bwana. Naogopa kweli."

Aliogopa wenzake watashindwa, na aliogopa zaidi kwamba wataweza.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, dereva wa kampuni akafika mbio, shati limelowa jasho. Mfumo umegoma, magari yamesimama, hospitali mbili zimebakiwa na oksijeni ya kufika jioni tu. Waandishi wanne wa programu wanaukodolea macho, hakuna anayethubutu kugusa. Mama Mitungi akaingia garini na kandambili zake. Njia nzima alimhimiza dereva akaze mwendo, lakini, Mungu amsamehe, alikuwa pia anatabasamu.

Akaketi, akasoma, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Magari yakaanza kutoka. Wenzake wakampigia makofi.

"Dakika mbili!" akamgeukia meneja. "Umeona? Dakika mbili tu!"

Meneja hakupiga makofi. Alikuwa bado anahesabu magari yanayotoka.

"Nimeona, mama. Na kama dereva angekukuta umelazwa?"

Mama Mitungi akageukia dirisha. Gari la mwisho lilikuwa linapita getini na mitungi yake. Akawaza mtu aliyelala kitandani kule hospitalini, anaisubiri.

Akamvutia kiti mwenzake wa dawati la jirani.

"Kaa hapa," akamwambia. "Nitakusomea mstari kwa mstari. Wewe andika kwa lugha yenu, ile ya watu mia."